Mtani wa Mpiga Sinema

Aliye nyuma asogee mbele, na mwenye mtoto mgongoni amlaze kwanza. Habari ya Gaudensia haitaki kupaziwa sauti.

Kama mnaijua Tabora, mnalijua lile jengo bovu unalolikuta ukitoka stesheni na kuamua kupita njia ya nyuma. Zamani lilikuwa jumba la sinema. Bati za paa ziliondoka moja moja, nyingine na upepo, nyingine na watu. Viti navyo viliondoka. Ngazi ya kupandia chumba cha mashine ilianguka, chumba chenyewe kikabaki kimening'inia ukutani kama kiota, na tundu lake la mraba linatazama ukumbi ulioota nyasi. Mvua za kwanza zikinyesha, ukumbi unanukia udongo, na ukisimama mlangoni jioni unaweza kudhani picha imekwisha sasa hivi tu, na watu ndio kwanza wanaishia kwenye kona.

Mlangoni hapo, kila siku isipokuwa Jumapili, alikuwa anakaa Gaudensia na beseni lake la michembe. Michembe mizuri, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba vikakauka juani barabara. Ilikuwa inatoka kwa dada yake Goweko, inakuja na treni ndani ya kiroba. Tatizo ni kwamba njia ile haipitiwi na mtu.

"Gaudensia," watu walikuwa wanamwambia, "wateja wako stesheni. Hapa unawauzia mijusi?"

"Mijusi nao wana njaa," alikuwa anajibu, na anaendelea kufukuza nzi.

Sasa mtu mwenye akili zake timamu akakae pale kwa sababu gani? Ngoja niwape.

Mpiga sinema wa jumba lile aliitwa Adinani. Alikuwa Mzaramo, ila Mzaramo wa Tabora, maana aliyetoka pwani alikuwa babu wa babu yake. Alikuja na msafara, miguu ikamchoka, akaoa, akabaki. Kaka yake, Twalibu, ni fundi wa kushona kanzu, mtu wa swala tano na maneno machache. Wako mjini vizazi na vizazi, lakini utani haukai ukachacha. Wanyamwezi na Wazaramo walitaniana kwa sababu ya njia ile ya misafara. Walitembea pamoja miezi, wakauguzana, wakazikana porini. Mtu atakayekuzika porini, ukiwa hai lazima umwachie nafasi ya kukutukana.

Gaudensia ni Mnyamwezi. Alikuja mjini akiwa binti, akaanza kuuza michembe mlangoni pa sinema enzi zile watu wanasukumana kuingia, na siku ya kwanza tu wakatambuana.

"We mla nazi, fungua mlango, watu wanalowa!"

"Ngoja kwanza shingo irefuke. Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka pwani, shingo zikazama kifuani. Hata nikikufungulia, sinema utaionea wapi?"

"Na tulipofika pwani na kiu, babu zenu wakatuuzia maji ya kisima! Maji! Kitu cha Mungu!"

Hivyo ndivyo walivyosalimiana miaka yote. Hakuna aliyewahi kuwasikia wakiulizana habari za nyumbani kama watu wa kawaida.

Gaudensia alikuwa na kipaji. Msiba ukitokea kwa watani, wawe Wazaramo, Wagogo au Wasukuma, anaitwa. Anafika, anafunga kanga kiunoni, anaomba koti au kofia ya marehemu, halafu anatembea. Basi. Anatembea tu, na marehemu anakuwa mbele yenu. Kama alikuwa anajikuna sikio kabla ya kusema uongo, sikio litakunwa. Kama alikuwa bahili, ubahili utatajwa mpaka wafiwa wenyewe washike mbavu, machozi ya kilio yachanganyike na ya kicheko. Mwisho anashika kitu cha marehemu na kukigandamia, hakiachii mpaka ndugu wamkomboe. Wakishakomboa, marehemu ameagwa, ameondoka.

Siku moja sinema ilikuwa imekwisha, Adinani akashuka kwenye chumba chake akakaa naye mlangoni, wakatafuna michembe.

"Nikifa mimi utanifanyaje?" akamuuliza.

"Nitakutembea mji mzima."

"Sawa. Lakini lile la chumba cha mashine, nakuomba, mbele ya kaka Twalibu usiliseme."

"Hilo ndilo nitakaloanza nalo."

"Gaudensia!"

"Kufa kwanza, ndipo unizuie."

Adinani alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Ila usiniache niondoke kimya kimya, mtani. Niahidi." Naye akaahidi.

Jumba likafungwa. Adinani akaipeleka mashine nyumbani, akaifunika shuka. Miaka ikaenda. Halafu akasafiri Mpanda kwenye harusi ya mpwa wake, homa ikamshika huko huko, akafa alfajiri, akazikwa mchana wake kama ilivyo ada ya Waislamu. Habari ilifika Tabora kwa simu, na treni ya kwenda Mpanda ilikuwa imeshaondoka.

Ilipofanywa khitma nyumbani kwa Twalibu, Gaudensia alifika, kanga kiunoni, akanyoosha mkono kulichukua koti la Adinani lililokuwa limetundikwa ukutani. Twalibu akamfuata, akamwambia taratibu, bila ukali:

"Dada Gaudensia, wewe ni mtu wetu. Lakini hapa hakuna maiti, kuna dua tu. Utani leo tuuache. Nakuomba unyamaze."

Gaudensia akalirudisha koti kwenye msumari. Akafungua kanga kiunoni, akajifunika kichwani, akaondoka. Juma lile lile akaliondoa beseni lake sokoni, alikokuwa amehamia baada ya jumba kufungwa, akalirudisha pale mlangoni.

Niliwahi kumuuliza. Alifikiri sana, akachambua mchembe uliokuwa na doa, akautupa.

"Nilimwacha aondoke kimya," akasema. "Mtu asiyetaniwa atajuaje kwamba amekufa? Nadhani bado anakuja hapa jioni kufungua mlango. Sasa akute hapana mtu?"

Nilinunua michembe.

Basi, mwaka jana mvua zinaanza, akaja Najiat. Najiat ni binti wa Adinani; alisomea sanaa Bagamoyo, na hata yeye hakuyawahi maziko ya baba yake. Alikuja na wenzake wachache waliokuwa wanaifuata ile njia ya zamani ya misafara kwa treni, kutoka pwani mpaka Ujiji, na kila kituo kikubwa wanafanya jambo moja la ajabu, kisha wanaendelea. Dodoma mmoja wao alijilaza stesheni amejifunika ramani kama shuka, watu wakampita kwa heshima wakidhani mgonjwa. Manyoni walipiga ngoma zisizo na ngozi, na wapo waliosema wamezisikia.

Hapa kwetu jambo lao liliitwa Mwanga Mtupu. Najiat alikuwa ameitoa mashine ya baba yake, fundi ameitengeneza, inazunguka. Mikanda ndiyo haikuwepo, mchwa na joto vilishaimaliza. Akasema haidhuru. Watatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa jumba lile lile, watawasha mashine bila mkanda, mwanga utapiga tupu, na anayetaka atasimama kwenye mwanga afanye alichonacho. Watu wataangalia kivuli chake. Hiyo ndiyo sinema.

Wa kwanza kuombwa alikuwa Gaudensia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mla nazi mdogo. Umekonda. Pwani hawakupi chakula?"

Mwenzake Najiat, kijana mmoja mwenye nywele za rasta aitwaye Octavian, akachuchumaa mbele ya beseni. "Mama, tumesikia unaiga watu hatari. Tunakuomba kesho uige."

"Nimwige nani?"

"Yeyote. Hata mimi."

"Wewe hujafa."

"Nijifanye nimekufa?"

"Ukijifanya umekufa, nami nitajifanya nimekuiga."

Octavian akacheka, lakini aliona ameshindwa. Gaudensia akamtazama Najiat, akashusha sauti. "Nitakuja kuiona mashine ikiwaka. Zaidi ya hapo usinidai, mwanangu."

Sasa sikilizeni kosa lilivyotokea, maana ni kosa la kwetu hasa.

Najiat aliogopa mvua. Akaenda Kitete kwa bwana mmoja anayekodisha vifaa, akakodi turubai na viti vya plastiki. Turubai likafungwa kuanzia mlangoni pa jengo kuja barabarani, viti vikapangwa safu safu. Na Gaudensia, ambaye alitaka ukumbi usafishwe kabla mashine haijaingia, alifika saa kumi, akafunga kanga kiunoni, akashika ufagio.

Turubai. Viti barabarani. Gaudensia, kanga kiunoni. Mtu wa Tabora anahitaji aambiwe nini tena?

"Kuna msiba pale kwenye sinema."

"Wa nani?"

"Sijasikia. Ila Gaudensia yupo."

"Kama Gaudensia yupo, basi ni wa mtu mkubwa."

Na kwetu hakuna kusimama mlangoni ukauliza nani amekufa. Unakuja na ulichonacho, unakitua, unakaa, ukishatulia ndipo unamuuliza jirani kwa sauti ya chini. Tatizo ni kwamba jirani naye ndio kwanza amekaa. Wakaja watu na kuni, wakaja na ndoo za maji, wakaja na unga. Kuluthumu, ambaye katika mtaa ule hakuna sufuria ya msiba inayopanda jikoni bila yeye, akapanga mafiga nyuma ya jengo na kuanza kugawa kazi. Mimi mwenyewe nilifika na mzigo wa kuni kichwani, nikautua, nikakaa kiti cha safu ya tatu nikiwa nimeinamisha uso kwa huzuni kabisa.

Octavian alikuwa anazunguka kwa furaha. "Najiat, huu mtaa wanapenda sanaa! Wanakuja na kuni zao!"

Najiat aliwaona akina mama wanakoroga uji, akaona wazee wameshika tama, akaelewa. Akamkimbilia Gaudensia ukumbini. "Mama, watu wanadhani kuna msiba. Niwatangazie?"

Gaudensia alichungulia nje. Aliangalia muda mrefu. "Utawaambia nini? Wameshakaa."

Jua lilikuwa limezama. Mvua ilikuwa imepita mchana, hewa imekaa kimya, ya uvuguvugu. Waliotoka kuswali magharibi wakaanza kufika, na katikati yao akaja Twalibu, kanzu nyeupe, mkeka kwapani. Naye alisikia kuna msiba, akaja kama jirani mwema. Akatandika mkeka wake karibu kabisa na ukuta, akakaa.

Gaudensia aliegemea ufagio. Najiat anasema alimnyooshea Twalibu kidevu.

"Huyu aliniambia ninyamaze," akasema. "Nikisema mbele yake, nitakuwa nimemkosea mfiwa. Nikinyamaza tena, baba yako atakuja kuufungua mlango huu mpaka nami nife." Kisha akaliangalia koti alilokuwa amelivaa Najiat, koti la baba yake, alilolivaa tangu walipopanda treni. "Nipe hilo koti. Na kofia yake, kama unayo."

Watu wakaitwa ndani. Tukaingia na viti vyetu, tukakaa juu ya nyasi, nyota chache juu pale palipokuwa na paa. Mashine ilikuwa juu ya meza, chini ya kile chumba kilichoning'inia, na kando yake kigoda; Twalibu akatandika mkeka wake mbele ya meza hiyo. Najiat akaiwasha. Ikaanza kulia ule mlio wake wa zamani, trrrrr, na mwanga ukatoka, ukavuka juu ya vichwa vyetu, ukalala kwenye shuka.

Wengi wetu tulikuwa hatujauona mwanga ule tangu tukiwa vijana. Ulikuwa mweupe kama maziwa, tena unapumua. Halafu wakaja kumbikumbi. Mvua ya mchana iliwatoa ardhini, mwanga ukawaita, wakaingia wengi, wanaruka ndani ya ule mwanga, na kwenye shuka vivuli vyao vikawa vikubwa kama ndege. Mabawa yalikuwa yanadondoka taratibu, yanatua mabegani kwetu. Nilidhani nimelala.

Ndipo kikaingia kivuli cha mtu.

Kilikuwa kimevaa koti na kofia. Kiliinama upande kidogo, bega moja chini, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe. Kikakohoa mara mbili. Kikapangusa kioo cha mashine kwa ncha ya koti. Kikavua kofia, kikawapunga kumbikumbi watoke mbele ya picha.

"Adinani," mtu mmoja akasema, pole pole, kama anayemwita aliye chumba cha pili.

Na kiti hadi kiti tukajua, wote kwa pamoja, kwamba huu ulikuwa msiba wa nani.

"Adinani, picha haionekani!" akapiga kelele mzee mmoja nyuma, kama zamani, na kivuli kikageuka na kumtolea ulimi, kama zamani. Watu wakaangua kicheko. Wapo waliokuwa wanalia tayari.

Twalibu alisimama.

Kicheko kikafa. Gaudensia alimwona, alikuwa mbele yake pale pale. Najua aliogopa, maana kivuli kilisita. Halafu akaketi kwenye kigoda, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama mwizi wa mboga. Akadaka kumbikumbi kwa kofia, akamnyofoa mabawa, akamweka juu ya kifuniko cha mashine, pale penye joto la taa. Akaweka wa pili.

"Enyi Wanyamwezi wenzangu," akasema kwa sauti yake mwenyewe. "Miaka yote watu hawa wa nazi wanatucheka kwamba tunakula wadudu. Huyu ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote. Na ninyi mliokaa hapa chini mkinusa harufu, mkasema mashine inaungua! Mashine gani? Alikuwa anakaanga!"

Hata kabla hatujacheka, harufu yenyewe ikatufikia, ile harufu ya kumbikumbi wanaoiva katika mafuta yao.

"Muongo wewe!" Twalibu akasema.

Akapiga hatua moja kuelekea kwenye kigoda.

"Muongo," akarudia, na sauti ikamvunjika katikati. "Hakuwa anaweka wawili. Alikuwa anasubiri kifuniko kijae. Na chumvi iko wapi? Unamwigaje mtu ukaiacha chumvi yake?"

"Ya chumvi sikuijua," Gaudensia akajibu.

"Utaijuaje! Alikuwa anaificha kwenye kibiriti." Twalibu alitutazama sisi wote, akatazama chini. "Na aliyekuwa anamletea ni mimi. Mama asijue. Nilikuwa nasimama chini ya ngazi, yeye ananiteremshia wangu kwenye karatasi."

Jamani, ukumbi ulitingishika. Kuluthumu alikaa chini na mwiko wake. Ndugu wawili, kila mmoja alikuwa akimfichia mwenzake siri mbele za watu, na kumbe ulaji ni mmoja!

Gaudensia akang'ang'ania kigoda kwa mikono miwili. "Basi hapa sitoki! Huyu ni wangu. Nikomboeni, la sivyo nalala naye hapa hapa."

"Unataka nini?"

"Mfiwa ndiye anayejua."

Twalibu akamgeukia Kuluthumu, akanyoosha kiganja. "Nipe chumvi." Akamiminiwa kidogo. Akaifumba, akatembea kuelekea kwenye mashine, akapita kwenye mwanga, na kwenye shuka tukaona vivuli viwili, cha kanzu na cha koti. Akainyunyiza chumvi juu ya kifuniko, kwa vidole, kwa uangalifu, kama mtu anayejua inatakiwa kiasi gani.

"Shika. Namkomboa ndugu yangu." Kisha akasema kwa chini, ila sisi tuliokaa karibu na mashine tulisikia, "Na wewe, ungefanya haya siku ile ile."

"Si ulinizuia?"

"Ungebisha! Mtani gani wewe, unaambiwa nyamaza unanyamaza?"

Gaudensia aliinuka kwenye kigoda. Akavua kofia, akaiweka mikononi mwa Najiat. Akavua koti. Kivuli kikawa cha mwanamke mfupi wa makamo, kanga kiunoni. Najiat akazima mashine, giza likatufunika, na gizani wengine wakasoma Fatiha, wengine wakasema raha ya milele umpe ee Bwana, sauti zikapishana bila kugongana.

Tulikula ugali wa Kuluthumu barabarani chini ya turubai. Octavian alikuja na sahani yake akakaa karibu na Gaudensia. "Mama, hiki ulichofanya, sisi tukiitaje?"

"Msiba, mwanangu. Kula, unapoa."

Asubuhi nilipita njia ile ya nyuma. Mlangoni palikuwa na mabawa ya kumbikumbi tu, rundo zima, yanasogezwa na upepo. Beseni halikuwepo. Nikashuka mpaka stesheni, na treni ilikuwa imesimama, nikamkuta anakimbia kando ya mabehewa na beseni kichwani kama msichana.

"Umehama?" nikamuuliza.

"Aliyekuwa anafungua pale ameondoka," akasema. "Nikae namngoja nani?" Akanipa kipimo cha michembe, akasema ni kwa ajili ya kuni zangu. Halafu akanisahau, maana kichwa kilikuwa kimetokeza dirishani, chenye kofia ya viua kama wavaazo watu wa pwani.

"We wa dirishani! Ndiyo, wewe, mla nazi! Shusha mkono huo ununue, au bado mnauza maji?"